Koti Kwenye Msumari wa Obura

Wi-Got, Gwassi
9 Februari 1997

Kwa wifi yangu Awino,

Pokea salamu za huku juu, na kama zimefika na vumbi, hilo ni la soko la Magunga, kwetu ni ukungu tu. Mimi ninakula na ninalala. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja anachechemea na ndiye mkorofi kuliko mwenzake. Mtama umekubali. Jirani yangu Priscah anakusalimu, jino bado linamsumbua na bado hataki kung'olewa.

Naandika Kiswahili tena, usinicheke. Miaka kumi na tisa nimeolewa kwenu, na Dholuo nakisema mpaka watu wa sokoni wanasahau kwamba mimi ni Bathsheba Nyatichi wa kutoka Kisii. Lakini kwenye karatasi kinanikataa.

Tuna wageni. Wametoka Nairobi, gari wameliacha chini kwa sababu barabara inaishia kwa mwalimu. Wanatengeneza sinema kuhusu maisha na upweke wa kijiji cha mlimani. Mkubwa wao ni mwanamke anaitwa Sumayya, mpole, anaongea Kiswahili cha Mombasa hadi naona haya kufungua mdomo. Mpiga picha anaitwa Zubair, mtu wa Lamu, na siku ya kwanza alitetemeka kwa baridi mpaka kamera ikatetemeka naye. Waliuliza kijijini ni nani mpweke, watu wote wakaelekeza kidole kwangu.

Jana waliniomba nitoe redio nje, na kiti cha pili pia. Nikauliza kiti kimekosa nini. Sumayya akasema kikionekana, watazamaji watafikiri kuna mtu anakuja. Kisha wakataka nikae mlangoni niangalie ziwa kule chini kwa huzuni. Nikawaambia ziwa nimeshaliona, mimi nina maharagwe ya kuchambua. Basi wakapiga picha ya maharagwe.

Sasa jambo lenyewe. Tangu tumzike kaka yako Obura, ni miaka mitatu, na hakuna mwanaume aliyepanda juu ya nyumba hii. Mjane ambaye hajarithiwa haezekewi paa, ndivyo kwenu. Nyasi zimeoza. Upande wa kitanda naona mawingu yakipita. Muulize ndugu yako Onyango, anayetaka kunirithi, kama bado amesimama palepale aliposimama. Jibu mpe Abdinasir, pikapu yake ya vitambaa inafika soko la Magunga.

Ni mimi wifi yako,
Bathsheba


Migori mjini
30 Machi 1997

Wifi Bathsheba,

Salamu nyingi kutoka kwenye kelele za cherehani. Usidhani nimekunyamazia. Barua yako ilikaa wiki tatu kwenye duka la Abdinasir chini ya majora ya kitambaa, akaikuta siku ya kuhesabu bidhaa, na amekuja mwenyewe hadi mezani kwangu kuomba msamaha. Watoto wako shule. Kazi ipo, wiki hii nimeshona sare za kwaya, magauni mawili, na koti la mwanaume mmoja wa pwani aliyekuja akijikunyata, eti lake limebaki safarini. Mgongo ndio unalia.

Nimefika Kendu Bay kwa Onyango. Nilimpata kwenye samaki wake, na maneno yake nakupa kama alivyoyatoa. Paa litaezekwa siku utakayofungua mlango. Usipofungua, baada ya mavuno atakuja na wanaume wakuhamishe. Utajengewa kijumba nyuma ya boma lake Kendu Bay, na nyumba ya mlimani itaachwa ianguke. Anasema mwanamke hawezi kukaa juu peke yake kama mlinzi wa mnara wa simu.

Bathsheba, mimi sikuchukii. Lakini unataka nini? Onyango si mlevi. Hapigi mtu. Ana mkewe Marcella na watoto sita na wote wanakula. Hata kama ni kwa jina tu, mkubalie, aingie alale siku moja, mambo yaishe, uezekewe nyumba. Wenzako wamefanya hivyo na hawajafa.

Nijibu vizuri, usinijibu kwa hasira.

Awino


Wi-Got
20 Aprili 1997

Awino,

Mapacha wa mbuzi wamekua. Jino la Priscah limetoka lenyewe. Mvua imeingia ndani bila kubisha hodi, nimehamishia kitanda jikoni. Hizo ndizo habari za nyumbani, na sasa nakujibu kwa hasira.

Wenzangu hawajafa, umesema. Sawa. Mimi sifungui.

Unaniuliza ninataka nini. Nataka kukaa kwenye nyumba ambayo nilibeba maji ya kukandia udongo wake, jerikeni baada ya jerikeni, kutoka kisimani hadi huku juu. Nataka kuzikwa kando ya Obura, si nyuma ya boma la mtu kama kuku wa ziada. Mimi nilizaliwa milimani. Mlima haunitishi.

Wale wa sinema walikaa siku tisa. Sumayya alinitaka nilie. Alinibembeleza vizuri kabisa, akaniambia nifikirie marehemu. Nikamwambia machozi yangu yana wakati wake na hayafuati kamera. Akauliza basi upweke wangu unatoka wapi. Nikamwonyesha Priscah aliyekuwa amesimama uani na bakuli la mboga, manyunyu yakimnyeshea. Huyo ni rafiki yangu wa miaka kumi na tisa, nikasema, na hawezi kuingia kwangu, wala mimi siingii kwake, kwa sababu mimi ni mjane ambaye hajarithiwa. Tunaongea kwenye ua. Akileta mboga, anaiweka juu ya jiwe. Huo ndio upweke, mama, mlima hauna kosa.

Sumayya akasema hilo ni gumu kuwaeleza watu, na filamu yake ni ya mlima. Wakampiga Priscah picha ya mgongo akiteremka.

Mwambie Onyango nimesikia. Mwambie pia njia ya kuja huku inapandwa kwa miguu na mimi nitakuwa mlangoni.

Bathsheba


Migori
24 Agosti 1997

Wifi,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo salamu zifupishwe. Sote wazima. Natumaini na wewe.

Sinema yako imeonyeshwa hapa. Jumapili alasiri, ukumbi wa kijamii, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Nilikwenda na kina mama wote wa soko na nilikuwa nimevaa vizuri, maana nilijigamba huyo ni wifi yangu. Ukatokea. Ukachambua maharagwe. Watu wakapenda ulivyomjibu yule mama kuhusu ziwa. Priscah akaonekana mgongo.

Kisha kamera ikaingia ndani. Ikapita kwenye kitanda, ikapita kwenye picha ya Obura, ikasimama kwenye ule msumari wake ukutani. Na juu ya msumari kuna koti. Koti la mwanaume, la kahawia, lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko. Na msimulizi anasema kwa sauti ya msibani kwamba koti la marehemu bado linamngoja mwenyewe.

Ukumbi ulinyamaza. Bathsheba, nguo zote za Obura tuligawana siku ya nne baada ya mazishi, mimi mwenyewe nilichukua sweta, na koti alichukua Onyango. Kila mtu pale anajua nyumba ya mjane haikai na koti la mwanaume kwa bahati mbaya. Mwanaume akitundika koti lake kwa mjane, amerithi. Hata mzee asiyeweza kupanda kitanda hutuma koti litundikwe na inatosha. Mama mmoja nyuma yangu akasema, kumbe, na hapo maneno yakawaka ukumbi mzima. Watu wa Nairobi walioileta walifikiri tunasikia huzuni.

Ilichukua siku mbili tu kufika Kendu Bay. Onyango hali chakula. Marcella amenitumia mtu aniambie kwamba hali. Anasema umemchezea, miaka mitatu unamwambia hutaki mwanaume kumbe unaye, tena hukumwambia mwenye haki.

Nakuuliza mimi dada wa nyumba hiyo: koti ni la nani?

Awino


Wi-Got
14 Septemba 1997

Awino mpenzi,

Salamu zako fupi nimezipata, na mimi nakurudishia ndefu. Mahindi nimevuna. Yule mbuzi anayechechemea ameingia shamba la mwalimu na ameshtakiwa. Priscah anakusalimu kwa mdomo uliojaa.

Nasema uliojaa kwa sababu yuko hapa, ndani, kwenye kile kiti cha pili, anakula ugali wangu. Habari zilipanda kutoka Magunga siku ya soko, zikafika kabla ya kikapu changu. Kesho yake Priscah alikuja, akasimama uani kama kawaida, akachungulia mlangoni, akaliona koti. Hakuuliza. Akaacha kuangalia lile jiwe, akaingia na bakuli lake, akakaa. Tulikula halafu tukacheka mpaka akashika ubavu.

Jumatatu walikuja wanaume watano na nyasi mpya. Onsongo, yule fundi aliyehamia hapa na mke wake, ndiye aliyepanda wa kwanza. Walimaliza kabla jua halijageuka na nikawapikia. Paa langu sasa likipigwa na jua linang'aa, mtu wa Nyandiwa kule ziwani analiona.

Unauliza koti ni la nani. Lipo kwenye msumari wa nyumba yangu, na nyumba haivuji. Onyango akitaka kujua zaidi, aje aulize. Wewe usijisumbue kuwa mjumbe wake, una watoto wa kulea.

Bathsheba


Migori
19 Oktoba 1997

Bathsheba,

Natumaini uko mzima, hilo nalisema kwa moyo. Mengine nitayasema nikiwa nimekasirika.

Nilikuwa natafuta kipimo cha mteja kwenye daftari langu. Nimefungua ukurasa wa mwezi wa tatu, nikakuta mabega, kifua, mkono, na chini nimeandika kwa mkono wangu: Zubair, mtu wa kamera. Yule wa pwani aliyekuwa akijikunyata. Nikakumbuka alivyoniambia wakati nampima, kwamba koti lake zuri la kahawia amemwachia mama mmoja mlimani, alilitundika kwa sababu ya jasho la kupanda na mama akamwambia halitoki. Alidhani unasikia baridi. Alikuonea huruma, akaliacha.

Kwa hiyo hakuna mwanaume. Umeezekewa nyumba na ukoo mzima kwa koti la mgeni ambaye hajui alitundika nini. Mimi nimekaa hapa nakutetea sokoni na wewe unanicheka.

Onyango ameita kikao cha wazee, tarehe sita Desemba, nyumbani kwake Kendu Bay. Mrithi akitajwa, sawa, atanyamaza. Asipotajwa, wanakuja na magari kukuhamisha na paa hilo jipya litabomolewa. Na mimi nimeitwa. Anasema mimi ni dada wa nyumba na ni fundi, nimeiona sinema, nitalijua koti.

Sijawahi kusema uongo mbele ya wazee wetu, na sitaanza kwa sababu ya ukaidi wako. Niambie kwa nini. Usiniambie habari ya mlima, wala jerikeni. Miaka mitatu umekubali kuwekewa mboga juu ya jiwe kuliko kumfungulia kaka yangu mlango. Nikienda kule bila sababu, nitasema ninachojua.

Awino


Wi-Got
9 Novemba 1997

Mdogo wangu Awino,

Barua hii sijui itafika lini. Mvua haijakatika tangu mwezi uliopita, daraja la kuja Magunga limekwenda na maji, na mume wa Priscah ndiye anayeibeba, anazunguka kwa miguu hadi Ndhiwa. Mimi ni mzima. Mbuzi tumelala nao ndani. Nyumba tatu zimeanguka hapa juu, yangu haijavuja tone. Mke wa Onsongo yuko kwangu na watoto wake.

Nisamehe kwa kucheka. Sikuwa nakucheka wewe.

Umetaka sababu. Kaka yako hakufa kwa chira. Watu walisema ni chira, kwamba mimi mgeni nimevunja mwiko fulani, nimepanda mbegu kabla ya mwenye haki, sijui nimefanya nini, na ndio maana akakonda hivyo. Niliwaacha wanihesabie makosa. Nilimpeleka Homa Bay hospitalini mara mbili. Mara ya pili daktari alifunga mlango akatuambia ugonjwa wenyewe. Unalijua jina lake. Redioni unatajwa kila siku na nyumbani kwetu hautajwi.

Tulirudi tukipanda kwa miguu, tunapumzika kila kona kwa ajili yake. Tukafika kisimani. Pale akanishika mkono akaniapisha vitu viwili. Mama yenu asisikie jina la ugonjwa huo mpaka aingie kaburini, na mama amekwisha kwenda bila kusikia. Na cha pili, akasema, Bathsheba, watakuletea Onyango. Usimfungulie. Ana Marcella.

Mimi pia daktari alinipima. Jibu langu liko kwenye sanduku chini ya kitanda na huko ndiko litakaa, usiniulize. Nina nguvu za kupanda na maji.

Ningemwambia nini Onyango? Nikisema sababu, namvunjia Obura kiapo, na watu hawatakanyaga tena hata ua wangu. Nikifungua mlango, nawafungulia watu wanane kaburi, kuanzia Marcella. Basi nikachagua kuwa mkaidi. Mwanamke mwenye kichwa kigumu watu humsema tu, kisha wanakwenda kulala wakiwa wazima.

Siku ile Zubair alipolitundika koti, nilikuwa nasonga ugali. Nilipogeuka nikaliona kwenye msumari wa Obura, nikakaa chini. Nikajiambia, mila imenifungia mlango miaka mitatu, leo mila yenyewe imeacha ufunguo ukutani. Sikumdanganya mtu. Kijijini sikufungua mdomo. Wao wameona koti wakasema wanachotaka kusema.

Sasa unajua. Sema au nyamaza, ni wewe. Lakini jua hili: wakija na magari kumi, watanibeba kama mzigo, sitatembea.

Bathsheba


Migori
11 Desemba 1997

Dada yangu Bathsheba,

Sikuiti wifi leo.

Barua yako ilifika tarehe tano, imelowa pembe zote. Nilikwenda nayo Kendu Bay ndani ya nguo, hapa kifuani, na kila nilipovuta pumzi niliisikia. Obura alinibeba mgongoni kwenda shule, na miaka yote hii nilimlaumu mke wake kwa kifo chake kimyakimya. Hukuniuliza, lakini nakuambia. Nisamehe.

Wazee walikuwa saba. Onyango aliongea kwanza, na aliongea vizuri, hata mimi nilimhurumia. Kisha mzee wa upande wa mama akanigeukia. Fundi, akasema, koti lile unalijua?

Nikasimama. Nikasema nalijua. Nikasema mwenye koti ni mwanaume wa mbali, si wa ukoo wetu, na hilo mila inaruhusu pale mambo ya nyumbani yakikwama. Nimempima mabega kwa mikono yangu, ni mtu mzima, ana heshima, na lile koti alilitundika mwenyewe kwa mkono wake na akaliacha kwa hiari yake. Nikasema najua kwa sababu mimi ndiye niliyemshonea lingine. Lipindue hilo neno kwa neno, Bathsheba, hutapata uongo.

Mzee mmoja akauliza jina. Nikamwambia, baba, mila inauliza kama koti limetundikwa, haijawahi kuuliza kitambulisho. Mwingine akauliza kama atarudi. Nikasema, mlitaka koti au mlitaka harusi? Wakacheka, na walipocheka nikajua imekwisha. Onyango alinitazama. Halafu akasema, basi nyumba ibaki.

Marcella aliniletea chai. Alitia sukari vijiko vinne na akasimama kando yangu mpaka nikamaliza. Nafikiri anajua zaidi ya tunavyodhani. Onyango nitamwambia siku moja, mimi na yeye tu, kwa sababu Obura alikuwa kaka yake pia. Kiapo ni chako, si changu. Lakini jina la ugonjwa halitatajwa mbele ya watu.

Wale wa sinema wameniandikia wanataka kuileta tena mwakani. Nimewajibu waje, ila msimulizi akifika kwenye msumari afunge mdomo.

Daraja likirudi, Abdinasir atakuletea mzigo. Nimekushonea koti. Ni kitambaa kizito cha kijivu, bitana ndani, mifuko mikubwa ya kuingia redio yako. Kipimo nimekitoa kwenye ile nguo niliyokushonea wakati wa msiba, nikaongeza kidogo kifuani kwa sababu sasa unakula na watu. Lile la kahawia liache palepale kwenye msumari, lisishuke hata siku moja.

Hili la kwangu usilitundike. Livae.

Awino